Niliandika "Ipo" kwa Kitu Nisichokiona

Mwanangu Zuhura,

Sina haja ya kukuuliza hali, kwani sauti yako imo masikioni mwangu tangu asubuhi, ulipokuwa ukitafuta viatu chini ya kitanda huku ukisema, "Mama, nakwenda kuaga, n'kirudi nimeshiba usinlaumu." Saa hii bila shaka uko Kikwajuni, na kila nyumba unayoingia unalazimishwa kula. Mimi nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu niajiriwe, nikafungua madirisha yote ya ukumbini, nikakaa kukuandikia.

Meli inaondoka bandari yetu ya Malindi kesho saa moja asubuhi. Habari za chandarua, za dawa ya malaria, za nani atakupokea Dar es Salaam na nani usimwamini, shangazi yako amekwisha kukueleza mara tatu, na mara ya tatu alikuhesabia kwa vidole. Sitaongeza neno. Nina jambo jengine, na ndani yake mna furaha na mna hofu, ila furaha ndiyo iliyozidi. Chakula cha mchana kimenishinda kwa sababu yake.

Furaha ni hii. Juma lijalo wewe, uliyekuwa ukihesabu kwa kete za bao, utasimama mbele ya kompyuta mpya ambayo bado haijui kufanya lolote. Ni chuma na taa. Wewe ndiye utakayeijengea mfumo wa uendeshaji, ile programu kuu inayoziongoza programu nyengine zote, na siku utakapokibonyeza kile kitufe cha kuanzia, na mashine ikakujibu kwa mara ya kwanza kwa mstari mmoja wa maandishi, utahisi kitu ambacho sijapata kukieleza kwa lugha yoyote niliyosoma. Kila nikifikiri kwamba mtoto wangu atakihisi, nasimama, nazunguka meza, nakaa tena.

Hofu ni hii. Mkuu wako mpya amekuandikia kwamba mashine yao ina kila kitu, na amekutaka ufike na kadi za maelezo zimekwisha kujazwa. Umezijaza. Mimi nami niliwahi kujaza kadi kama hizo, na kwa kadi moja nilikukosea wewe, na mpaka leo hujui. Nimelificha jambo hilo miaka mitano. Usipolijua kabla ya kupanda meli, utaingia kazini na aibu ambayo si yako, nami sitakuwa na uso wa kukuita mwanafunzi wangu katika kazi hii.

Inanibidi nianze na siku ilipoletwa mashine yetu.

Unaikumbuka, kwani ulikuja na sare ya skuli kutazama. Ilikuwa zawadi ya nchi rafiki, imekwisha kutumika huko kwao, na ilishushwa bandarini ndani ya makasha saba ya mbao. Makuli waliyasukuma kwenye magari ya hamali mpaka ile nyumba ya zamani nyuma ya bandari. Lango lake lilikuwa pana, lakini ngazi haikupitisha kasha kubwa. Ikabidi dirisha la juu ling'olewe na kasha livutwe kwa kamba. Mimi nilisimama chini na kitabu cha maelekezo mkononi, nimevaa saa mpya na viatu vya ngozi nilivyorudi navyo kutoka masomoni, nikitoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza.

"Bi mkubwa," kiongozi wao akaniita, "friji hili la nani? Litakaa samaki wangapi?"

"Si friji. Ni mashine ya kufanya hesabu."

"Hesabu zipi hizo zisizoingia kichwani mpaka zipandishwe kwa kamba?"

"Nyingi kuliko utakazozifanya maisha yako yote, bwana weye."

"Basi iulize makasha haya tumeyainua mara ngapi, maana miye nshapoteza!"

Walicheka wote, na wewe ukacheka mpaka ukajishika ukuta. Mimi pia nilicheka, lakini kwa juu juu. Moyoni nilikuwa nikijiambia: wataona. Nilikuwa nimerudi na shahada, mwanamke pekee katika idara, na nilitaka kila mtu katika mji huu, kuanzia waziri mpaka kuli, aone kwamba miaka minne ile haikupotea bure.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, ingawa sehemu yake unaijua. Kiwanda hakikutuletea mfumo uliokamilika. Kilituletea utepe wa sumaku wenye vipande vyote vinavyoweza kuhitajiwa na mashine yoyote ya ukoo ule, ndogo kwa kubwa. Ni juu ya mjenzi kueleza, kwa kadi zilizotobolewa, mashine yake ni ipi: prosesa ya aina gani, kumbukumbu kiasi gani, vifaa gani vimeongezwa. Kwa majibu hayo vipande vinavyofaa huchaguliwa na kuunganishwa viwe kiini cha mfumo, ile sehemu isiyoondoka kwenye kumbukumbu tangu mashine inapowashwa mpaka inapozimwa. Kiini hakitazami mashine, Zuhura. Kinaamini kadi.

Katika kadi ya prosesa palikuwa na swali moja lililonihusu kuliko yote: je, prosesa ina sakiti za nukta inayohama? Yaani, je, inaweza yenyewe kuzidisha na kugawa zile namba zenye sehemu, kubwa sana na ndogo sana, ambazo nukta yake huhama kushoto na kulia kwa kadiri ya hesabu? Ikiwa sakiti zipo, kiini huziachia kazi hiyo. Ikiwa hazipo, kiini huchukua utaratibu mrefu wa kuifanya kwa kujumlisha na kutoa, hatua baada ya hatua. Polepole, lakini jibu ni lile lile. Kitabu kilisema sakiti hizo huongezwa kwa hiari ya mnunuzi, na kikaonyesha mahali pake: kabati la prosesa, upande wa kulia, rafu ya tatu. Kwenye mashine yetu, mahali pale palikuwa na bati lililofungwa kwa skrubu nne.

Nililiona bati lile siku ya kwanza. Nilijua kwamba nyuma yake huenda mna kitu na huenda hamna. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi.

Kabla sijalifungua, Bwana Vuai aliingia na wageni. Umemwona Bwana Vuai, mkuu wetu, mtu mzima mpole mwenye kofia safi kila siku. Yeye ndiye aliyeniajiri pale wenzake walipomwambia kwamba mwanamke ataivuruga kazi, na kwa hilo nilimheshimu kama mzazi. Wageni walitoka wizarani na bandarini. Pakaletwa halua, pakaletwa kahawa, na Bwana Vuai akasimama kati ya makabati kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya.

"Mashine hii," akasema, "ina kila kilichoandikwa kitabuni. Hata hizo hesabu za nukta inayohama inazifanya yenyewe, tena kwa upesi. Au vipi, Bi Salma?"

Wote wakanigeukia. Ungefanya nini wewe? Umelelewa na mimi, na mimi nimelelewa na bibi yako, na sote tulifundishwa kwamba mtu mzima hakosolewi mbele za wageni, wala kwa jicho.

"Naam, Bwana," nikasema. "Zimo zote."

Akafurahi, wageni wakafurahi, na nikamiminiwa kahawa kabla yao. Walipoondoka niliitazama ile bisibisi, nikairudisha kwenye mtoto wa meza. Nilijiambia kwamba sina wakati. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kutoa neno mbele za watu, na kama nisingelifungua bati lile, neno langu lingebaki kuwa huenda ni kweli. Kwenye kadi ya prosesa nikatoboa: ipo.

Kujenga kiini kulichukua siku mbili nzima. Kadi zetu zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa kuta zile za mawe, mashine ya kusomea kadi ikizikataa moja katika kila kumi, nami nikawa nazikausha ndani ya kabati lenye taa ya umeme, nazilisha tena, zinakataliwa tena. Sijapata kuchoka vile kwa raha. Siku ya pili, alasiri, mashine ya kuandikia ikapiga mstari mmoja wa kusema kwamba iko tayari. Nilipiga kelele hata mlinzi akapanda mbio akidhani nimeshikwa na umeme.

"Kuna nini, Bi Salma?"

"Imesema! Imesema iko tayari!"

Akaisogelea, akaisoma ile karatasi, akaguna. "Tayari kwa lipi?"

Swali zuri, na mimi nilikuwa na jibu. Programu yangu ya kwanza ilikuwa jedwali la maji ya bandari yetu, saa za kujaa na kupwa kwa miezi mitatu. Niliichagua kwa sababu kila mtu katika kisiwa hiki anaishi na maji, hata asiyejua kusoma. Programu ilianza na vipimo halisi nilivyopewa bandarini, kisha ikawa inaongeza marekebisho ya kila siku kufuatana na mwezi na jua. Marekebisho hayo ndiyo yaliyohitaji nukta inayohama. Jedwali likatoka kwa dakika arobaini, safu zimenyooka kama zilizopigwa rula. Nikalinganisha siku nne za mwanzo na vipimo vya bandarini, zikakubaliana, nikaridhika. Bwana Vuai alikuwa amesafiri kwenda Pemba, kwa hivyo nakala za bandarini ziliwekwa zingoje sahihi yake. Nakala moja tu ndiyo iliyotoka. Nilikupa wewe, kwa kuwa skuli zilikuwa zimefungwa na ulikuwa unakwenda Bwejuu kwa shangazi yako. Nilitaka aione. Ndiye aliyekulea nilipokuwa masomoni, na nilikuwa nataka kumlipa kwa fahari kwa kuwa sikuwa na namna nyengine.

Yaliyotokea Bwejuu unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaandike kama ulivyonisimulia, ili uone kila mahali nilipokuwepo bila ya kuwepo. Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya jedwali. Mlitoka na wanawake wengine kwenda mwambani kuchokoa pweza, maji yamekupwa sana. Baada ya muda shangazi yako alitazama maji, akakunja kanga yake kiunoni.

"Zuhura, twende zetu, maji yashageuka."

"Bado, shangazi. Karatasi ya mama inasema tuna saa nzima na zaidi."

"Karatasi ya mamako ishapata kushika pweza?"

"Mashine hiyo haikosei, shangazi. Mama mwenyewe kaitengeneza."

Wenzenu wakarudi ufukweni. Shangazi yako akabaki kwa ajili yako, akiwa anakucheka, na kwa ajili ya lile neno "mama mwenyewe". Mlipoanza kurudi, ule mfereji ulio kati ya mwamba na ufukwe ulikuwa umejaa. Maji yalikufika kifuani, kisha begani. Ulipoteza pakacha na pweza wote, ukapoteza na ile karatasi. Shangazi yako alikushika kwa kanga, akakuvuta mpaka mchangani, na mlipofika mkakaa mkicheka kwa sababu hamkuwa na nguvu ya kulia.

Uliporudi mjini ulikaa hapa hapa ninapoandikia, nywele zako zingali na chumvi.

"Mama, nimefanya ujinga. Nilisoma mstari usiokuwa wangu. Lazima niliruka tarehe."

Nilikutazama. Nilifahamu mara ile ile. Hukuwa mtoto wa kuruka tarehe. Ulikuwa umezoea kusoma majedwali ya maji aliyoyaacha marehemu baba yako tangu una miaka saba. Na nilichokijibu, Zuhura, nakiandika hapa chote ili nisipate pa kukipunguzia:

"Basi siku nyengine utazame vizuri."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Kisha nikakuletea chai.

Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza kufika kazini. Nilizifungua zile skrubu nne. Nyuma ya bati palikuwa na rafu tupu, vumbi, na waya tatu zilizofungwa ncha zake kwa utepe mweupe, zikingoja kitu ambacho hakikuletwa. Nikafahamu na lililobaki. Mashine ile, kwa umbile lake, ilipopewa amri isiyokuwa na sakiti zake haikusimama wala haikulalamika. Iliiruka na kwenda kwenye amri inayofuata. Marekebisho ya siku ya kwanza ndiyo yaliyotumika siku zote. Kwa hivyo jedwali lilianza karibu na kweli, kisha kila siku likaachana na bahari kidogo, na siku ya kumi na mbili viwili hivyo vilikuwa vimekwisha kutengana kwa zaidi ya saa nzima. Zile nakala za bandarini nilizichoma zote kwa mkono wangu kabla Bwana Vuai hajarudi, na namshukuru Mungu kwamba hakuna nahodha aliyepata kuzishika.

Nikatoboa kadi mpya ya prosesa: haipo. Nikajenga kiini upya. Safari hii jedwali lilichukua siku nzima ya kazi, kuanzia mlango ulipofunguliwa mpaka ulipofungwa, taa zikipepesa kwa utaratibu kama mtu anayesoma kwa kidole. Mlinzi alipita mara tatu kuuliza kama mashine imelala. Lakini nilipolilinganisha jedwali lile na kijiti cha kupimia maji pale bandarini, mwezi mzima, siku baada ya siku, lilikubaliana na bahari! Nilisimama gatini na karatasi yangu nikicheka peke yangu, na wapakiaji wakanipisha njia. Mashine ile ile, haina kitu, imekiri kwamba haina, na sasa inasema kweli. Sijui kama nimepata kufurahi kazini kuliko siku ile. Ningalikuja mbio nyumbani nikakueleza, furaha hiyo ingalikuwa yetu sote wawili. Sikuja.

Bwana Vuai nilimwambia baada ya miezi kadhaa, kwenye ngazi za ofisi, kwa maneno niliyoyakariri. Nilimwambia kwamba sakiti zile hazikuwemo, kwamba nilisema zimo kwa sababu yeye alisema zimo, na kwamba niliona haya kumkosoa mbele za wageni. Alisimama ngazi mbili juu yangu, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Salma, mwanangu, mimi nilisoma kitabu tu. Niliposema 'au vipi' nilikuwa nakuuliza."

"Nilidhani wataka nikuunge mkono, Bwana."

"Nataka kuungwa mkono na nani? Mule chumbani aliyesoma alikuwa mmoja, na hakuwa mimi!"

"Ningekufedhehesha mbele za wageni."

"Ungenijia baada ya kahawa! Wageni wamekwenda saa nne, wewe mashine umekwenda kuijenga kesho yake. Baina ya saa nne na kesho hukuniona? Au nilikuwa nyuma ya bati?"

Akacheka hata kofia ikamwendea upande, na mimi nilitamani ngazi inimeze. Miezi yote ile nilikuwa nikijiona nimetenda kosa la mtu mwenye adabu. Sikuwa na adabu. Adabu ingenipeleka kwenye mlango wake saa tano, nikabisha, nikasema kwa upole, "Bwana, kuna bati sijalifungua." Nilichokuwa nacho ni kiu ya kuonekana najua, na niliivika kiu hiyo nguo za heshima, ikapendeza.

Na wewe je? Kwa nini yeye nilimwambia, na wewe niliyekutia majini sikukwambia?

Nimejiuliza sana. Nilipokwenda masomoni ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulisimama na shangazi yako uwanja wa ndege, hukulia, na kwa kutolia kwako nililia mimi njia nzima. Kwa miaka minne nilikosa homa zako, mitihani yako, na siku ulipoanza kufunga mwezi mzima. Niliporudi ulikuwa mrefu kuliko mimi na unazungumza kama watu wa Bwejuu. Ukaniambia, "Mama, nionyeshe ulichosomea." Zuhura, nilitaka ile miaka minne iwe na thamani machoni pako. Ulipokaa hapa na chumvi nyweleni, nikaona kwamba nikisema kweli, nitakuwa nimekuacha miaka minne nikaenda kujifunza namna ya kukuzamisha. Sikuweza. Nikakuachia uamini kwamba kosa ni lako.

Nimeiona gharama yake kila siku tangu hapo. Nimekuona ukiweka rula chini ya kila mstari unaosoma. Nimekusikia ukimwambia mwalimu wako wa hesabu, hapa mlangoni petu, kwamba pengine wewe si mtu wa namba kwa kuwa macho yako yanaruka. Mwalimu akakusifu kwa uangalifu wako, nami nikabaki jikoni, nikikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Kadi zako ziko mezani, hapa mbele yangu. Sikuzigusa, ila nimezisoma, na uniwie radhi. Zimejazwa vizuri kuliko nilivyojaza mimi. Kwenye ile ya prosesa umeandika ipo kwa nukta inayohama, na ipo kwa kinga ya kumbukumbu, ile inayozuia programu moja isiharibu nafasi ya nyengine, ambayo hapa hatukuwa nayo kabisa. Umeandika hivyo kwa kuwa mkuu wako amesema mashine ina kila kitu. Huenda anasema kweli. Huenda naye amesoma kitabu tu. Mimi sijui, na wewe hujui, na yeye akikuuliza "au vipi" mbele ya watu, usifanye haraka ya kumfurahisha. Mwambie, "Ntatazama, Bwana, kisha ntakuletea jibu." Hilo si neno la utovu wa heshima popote pale duniani. Kisha nenda, fungua kabati, weka mkono kwenye rafu. Ukikuta pana kitu, andika ipo, na ufurahi. Ukikuta patupu, andika haipo, na ufurahi vile vile, kwani mfumo utakaoujenga hapo utakwenda polepole lakini hautamdanganya mtu. Ile kadi moja unaweza kuibadilisha au kuiacha. Hiyo ni kazi yako sasa, na mimi sina cheo ndani yake. Ila natamani nikuone utakapolifungua kabati hilo! Natamani niwe hata skrubu!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, kati ya nguo, ili uikute ukiwa umekwisha kufika, na bahari iwe baina yetu utakapoisoma. Nimefika hapa nikaona kwamba huko ni kungojea wageni waondoke kisha nisiende kubisha mlango. Na sasa hivi nakusikia chini, unasalimiana na jirani yetu.

"Shikamoo, Bi Fatma."

"Marahaba, mwanangu. Ushamaliza kuaga?"

"Bado mama tu."

Basi utaipata mkononi. Utakaa kwenye kiti hiki, uisome mbele yangu mpaka mwisho, na mimi sitanyanyuka kwenda kukuletea chai. Ukitaka kukasirika, kasirika hapa, nikikutazama. Ukitaka kuuliza, uliza; nitajibu lile ninalolijua, na nisilolijua nitasema silijui. Hata kama kuagana kwetu kutaharibika, kuharibike kwa kweli, mwanangu.

Siku ile Bwejuu hukuruka tarehe. Macho yako hayana kasoro yoyote. Ulisoma mstari uliokuwa wako, siku iliyokuwa yako, sawasawa kabisa kama ulivyoandikwa.

Mama yako,
Salma